Magogoni na Urithi wa Abushiri

Mtu asimamaye Magogoni, Dar es Salaam, baina ya kuta za Ikulu na soko la samaki ambako tangu alfajiri changu na nguru hupigiwa mnada huku pantoni ikivusha watu kwenda Kigamboni, amesimama penye mlango wa bahari ambao Sultani Majid wa Unguja aliuchagua katika miaka ya 1860 kuwa bandari yake mpya, na ambao baada ya kufa kwake mwaka 1870 ulibaki na majumba yasiyokwisha kujengwa, hata kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ikaja kutia kituo mwaka 1887.

Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha kampuni hiyo pwani ya Mrima, forodha na hukumu zake. Na Agosti, watumishi wa kampuni walipotweka bendera yao Pangani pasipo kujali heshima ya liwali wala ya msikiti, watu waliinuka, na vita vikashika kutoka Tanga hadi Mikindani. Januari 1889 vilifika huku: misheni ya Pugu ikateketezwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakatekwa, na kituo cha Wadachi mjini kikasalimika kwa himaya ya manowari.

Aliyepata jina kuliko wote katika vita hivyo ni Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani, mwana wa baba Mwarabu na mama Muoromo, shujaa asiyeridhia kumtii Sultani wala Mdachi, na papo hapo bwana wa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Hermann von Wissmann, kamanda wa Wadachi, alimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Wissmann huyo alipewa na bunge la Ujerumani marki milioni 2 kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Lakini utumwa wenyewe Wadachi hawakuufuta katika muda wote wa dola yao, ukaja kufutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Mwaka 1909 Wissmann alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam: yeye juu ya nguzo, na chini yake askari Mwafrika amemwinulia macho, akiinamisha bendera juu ya simba aliyekufa. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968.

Wako wamsifuo Abushiri kuwa mtetezi wa nchi, na wako wamkumbukao kwa minyororo. Wote wana hoja, na haifai ya mmoja izime ya mwenziwe. Wadachi waliviita vita hivi uasi wa Waarabu, na kwa kauli hiyo waliwafuta Wazaramo, Washomvi, Wazigua na Wabondei waliopigana kwa ajili ya miji na mashamba yao. Ingekuwa ni vita vya mtu mmoja, vingekwisha siku ya kitanzi. Lakini Bwana Heri wa Saadani alidumu kupigana hata mwaka 1890. Nasi tukimfanya Abushiri peke yake kuwa ndiye vita, twaitimiza kauli ile ile ya adui. Insafu yataka ushujaa wake usomeshwe pamoja na jasho la watumwa wake, na watu wa Mrima warudishiwe vita vyao.