Kinanda cha mianzi cha Las Piñas: ba-agronome, hii historia inatuhusu

Kwetu huku, parokia ikitangaza kwamba imepata kinanda, kila mtu anaelewa ni klavye ya umeme na bafle mbili, na umeme ukikatika kwaya inaendelea na ngoma peke yake. Kinanda cha mabomba ni kitu kingine kabisa. Kuna mivukuto inayosukuma upepo ndani ya sanduku, na juu ya sanduku kumesimamishwa mabomba, kila bomba na sauti yake moja tu. Bomba refu linatoa sauti nzito, fupi linatoa nyembamba. Kwa kawaida mabomba yanafanywa kwa mbao, ao kwa bati lililochanganywa na risasi. Ndiyo, bati lile lile linalotoka katika kasiterite ya Walikale. Inawezekana kabisa kuna mahali Ulaya wanaimba Misa kwa udongo wetu.

Lakini leo nataka kuzungumzia kinanda ambacho mabomba yake mengi hayakutoka mgodini, yalitoka shambani. Kiko Las Piñas, kusini mwa Manila, nchi ya Ufilipino, katika kanisa la parokia ya Mtakatifu Yosefu. Kina mabomba 1.031, na kati ya hayo 902 ni mianzi. Haya 129 yanayobaki ni ya chuma.

Aliyekitengeneza ni Padri Diego Cera, Mhispania wa shirika la Waagustino Warekoleti, aliyezaliwa mwaka 1762. Alipewa parokia ya Las Piñas mwaka 1795, wakati ilikuwa kijiji cha wavuvi na watengeneza chumvi pembeni ya bahari. Kanisa la mawe lilijengwa chini ya uongozi wake, na mwaka 1816, wakati kanisa lenyewe halijamalizika, akaanza kinanda.

Vitabu vya watalii vinapenda kusema hapa: tazama akili ya misionari, hakuwa na pesa ya chuma, akatumia bambu. Haya, akili alikuwa nayo, na ufundi wa vinanda aliujua. Lakini mtu aliyesoma agronomia anajua kwamba kukata mwanzi si kazi. Kazi iko pale mwanzi umekwisha kukatwa. Ndani ya ukuta wake kuna wanga na sukari, na ile wanga inaita kale kadudu kanaitwa Dinoderus. Kanaingia, kanatoboa, kanazaa, na baada ya muda unaona unga mweupe chini ya ukuta. Wenye wamejenga ua ao nyumba ya mianzi huku kwetu wanaujua ule unga vizuri. Sasa piga hesabu: tundu moja tu la mdudu katika bomba la kinanda, upepo unatoka pembeni, sauti inaharibika. Na ana mabomba mia tisa.

Walichofanya Las Piñas ni kukata mianzi na kuizika katika mchanga wa pwani kwa miezi mingi. Ndipo ikatolewa. Yenye ilikuwa imeliwa ao kupasuka ilionekana yenyewe, na ile iliyobaki nzima ndiyo ilistahili kuwa bomba. Kwa lugha ya auditwari: maji ya bahari yanapunguza wanga na kuacha chumvi, na mdudu anakuta meza haina chakula. Si dawa ya duka. Na padri mmoja hachimbi mchanga wa kuzika mianzi mia kadhaa peke yake. Watu wa kijiji kile waliishi kwa chumvi na bahari. Mimi ile sehemu ya mchanga ndiyo naona ni moyo wa historia yote, lakini wengi wanaiandika kwa sentensi moja na kupita.

Tena kuna kazi ya kufanya mwanzi uimbe. Ndani ya mwanzi kuna vifundo vyenye kuziba njia; lazima vitobolewe. Ukuta wa mwanzi haulingani unene kutoka chini hadi juu, kwa hiyo kila bomba linasikilizwa na kurekebishwa peke yake, kinywa chake kinachongwa mpaka upepo ukigonga mdomo utoe sauti inayotakiwa. Kufikia 1821 kinanda kilikuwa kinapigika, ila tarumbeta zake hazikuwepo. Kwa zile Cera alikubali kutumia chuma, maana sauti ile ya tarumbeta mwanzi haukuweza kuitoa vizuri, na 1824 kazi ikamalizika. Alifuata mtindo wa Kihispania: tarumbeta zimelazwa mbele kama mizinga ya kuelekea watu, na kuna hata mabomba madogo yanayoimba ndani ya maji ili kuiga ndege. Hiyo watoto wanaipenda sana, na watu wazima pia wasijifiche.

Cera alifariki 1832. Sasa hapa ndipo kinanda kilianza kuteseka. Ile nchi inatetemeka kila mara na inapigwa na vimbunga. Tetemeko la 1863 na lile la 1880 yaliumiza vibaya eneo lote la Manila. Kanisa la Las Piñas likaharibika, mvua ikaingia, na katika miaka ya 1880 kinanda kikawa bubu. Mabomba yakatolewa na kuwekwa stoo. Mwanzoni mwa karne ya 20 waumini walijaribu kukitengeneza, kikapata sauti kidogo, si yote. Mwanzi ulikuwepo bado. Mchanga ulikuwepo. Mtu wa kujua kinanda ndani ndiye aliyekosekana.

Halafu kuna uhusiano na sisi. Waliokuja kuhudumia parokia ile ni mapadri wa Scheut, Wabelgiji, shirika lile lile lililoingia Kongo mwaka 1888 na ambalo watu wa Kasai na Kinshasa wanalijua vizuri. Ufilipino walifika 1907. Mmoja wao, Padri Leo Renier, alikuwa mpiga kinanda, na wakati wake ndipo parokia na serikali walikubaliana kukifufua kabisa. Mwaka 1973 kinanda kikafunguliwa kipande kwa kipande na kupelekwa Bonn, Ujerumani, kwa fundi Klais, ambaye alishirikiana na fundi Mjapani, Hiroshi Tsuji.

Shida ya kwanza kule haikuwa muziki, ilikuwa hewa. Mwanzi uliozoea unyevu wa tropiki ukiuweka katika nyumba ya Ulaya yenye kupashwa moto wakati wa baridi, unakauka haraka na kupasuka kwa urefu. Kwa hiyo mabomba yaliwekwa katika chumba chenye joto na unyevu kama wa kwao. Ni kusema Wajerumani walilazimika kujenga Ufilipino ndogo ndani ya Bonn. Wakati huo kanisa lenyewe nalo lilirudishwa katika sura yake ya zamani na msanifu Francisco Mañosa. Mwaka 1975 kinanda kikarudi nyumbani, kikapigwa, na tangu 1976 kuna tamasha la kimataifa la muziki kila mwaka karibu yake.

Wengi wanaishia hapo: kimekwenda Ulaya, kimepona, asante. Kama ingekuwa hivyo tu, kingebaki mgonjwa wa kusafirishwa kila akikohoa, na sote tunajua namna gani inaishaka na mashine zinazongoja fundi wa kutoka nje. Kilichofuata ndicho kimenifanya niandike. Vijana wa kwao walikwenda kusoma. Armando Salarza alisomea kinanda Austria, akarudi kuwa mpiga kinanda rasmi wa kanisa lile. Cealwyn Tagle alijifunza kujenga vinanda kwa mafundi wa Ulaya, akarudi, na katika miaka ya 1990 ikaanzishwa warsha palepale Las Piñas, ikapewa jina la Diego Cera.

Mwaka 2003 Makumbusho ya Taifa ya Ufilipino yalikitangaza kinanda kuwa hazina ya utamaduni ya taifa. Mwaka huo na uliofuata kilihitaji tena kazi kubwa. Safari hii fundi hakutafutwa Bonn: kazi ilifanywa na warsha ile ya Las Piñas, na mafundi wake wakaendelea hadi kisiwa cha Bohol, ambako makanisa ya zamani yalikuwa na vinanda vingine vilivyonyamaza.