Bahari Isiyohesabiwa: Idadi ya Watu na Utawala wa Wilaya ya Mafia

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Wilaya ya Mafia ililaza watu 66,180. Miaka kumi nyuma walikuwa 46,438. Ongezeko hilo la zaidi ya asilimia 42 limelipita lile la taifa, lililokuwa takriban asilimia 37. Hata hivyo, katika nchi ya watu milioni 61.7, Mafia ni karibu mtu mmoja kwa kila elfu, na Temeke peke yake inaizidi mara 20. Hoja yangu ni kwamba idadi ya watu, ikiachwa iwe kipimo kikuu cha kuigawia wilaya ya visiwa fedha na watumishi, huipunja, kwa kuwa gharama ya kuitawala inatokana zaidi na maji yanayowatenganisha watu hao.

Namba yenyewe ina walakini. Sensa zetu humhesabu mtu pale alipolala, na zile za 2002, 2012 na 2022 zote zilifanyika Agosti, kusi likivuma. Lakini Mafia ni nchi ya dago: mvuvi hufuata samaki, hupiga kambi ufukweni kwa majuma au miezi, akarejea kwao upepo unapogeuka. Takwimu tulizonazo ni sura ya kisiwa kwa msimu mmoja tu. Anayeingia kaskazi hunywa maji ya visima vilevile na huugulia kisiwani, wala hayumo katika hesabu ya Agosti.

Mfumo wa ruzuku kwa halmashauri ulioanza mwaka 2004 uliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 70 katika fungu la afya. Zilizobaki ziligawanywa sawasawa kati ya umaskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano na urefu wa njia za gari la huduma za afya wilayani. Hapo kwenye gari ndipo penye jeraha. Waliobuni kipimo hicho walikusudia mema, maana walijua kwamba umbali ni gharama. Lakini kutoka Kilindoni hadi Jibondo, Juani au Chole, sehemu ya njia haina kilomita za gari. Ina mashua, mafuta ya injini, na nahodha anayengoja maji yajae. Mama wa Jibondo akishikwa na uchungu usiku, bahari ikiwa imekupwa, umbali wake hupimwa kwa saa, na katika kanuni ile saa hazina safu.

Ofisi nayo haipungui kwa sababu watu ni wachache. Tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1982, halmashauri ndogo inahitaji mkurugenzi, mweka hazina, mganga mkuu na afisa elimu kama ilivyo kwa kubwa; mganga mkuu nusu haajiriki.

Wapo watakaosema basi iunganishwe na Kibiti, ng'ambo ya pili. Siafiki. Akiba itakayoonekana katika vitabu vya Serikali itakuwa imehamishiwa mfukoni mwa mkulima wa nazi wa Kanga, atakayelazimika kuvuka hadi Nyamisati kufuata shauri la shamba lake. Utawala wa kisiwa hiki umewahi kupangwa kwa manufaa ya wenye ofisi: mwaka 1913 Wajerumani waliuhamisha kutoka Chole kwenda Kilindoni, kwenye nanga bora kwa meli zao, na watu wa Chole wakabaki kufuata huduma kwa mashua.

Kinachohitajika ni fungu la msingi lisilotegemea idadi ya watu, na safari za majini zihesabiwe kwa saa na lita za mafuta. Hesabu ya pili ifanywe Januari, kaskazi ikiwa imekolea. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipo fukweni tayari. Vipewe daftari la kuorodhesha kila dago na waliolala humo.