Kitwitwi, mgeni wa Mida atokaye Siberia

MAJI yanapokupwa katika hori la Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, tope linalobaki wazi hujaa ndege wadogo wanaokimbia huku na huko wakidonoa. Wenyeji wa pwani huwaita vitwitwi, jina linalojumuisha aina nyingi za ndege wa ufuoni.

Miongoni mwao yumo mmoja anayestahili kutazamwa kwa makini. Huyu ni kitwitwi wa mdomo uliopinda, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Si mwenyeji. Huanguliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Mida.

Umbo na rangi

Kitwitwi huyu ana urefu wa sentimita 20 hivi na uzani wa takriban gramu 60, kiasi cha yai la kuku. Miguu yake ni myeusi, na mdomo wake mwembamba umepinda kuelekea chini. Akiruka, huonekana weupe juu ya mkia na mstari mweupe katika kila bawa.

Kwa muda mwingi anaokaa Kenya huwa wa kijivu mgongoni na mweupe tumboni. Ufikapo Aprili, kabla ya kuondoka, uso, kifua na tumbo hugeuka rangi ya matofali. Ndiyo maana ya jina lake la Kilatini: mwenye rangi ya kutu.

Chakula na tabia

Ratiba ya ndege huyu hufuata kupwa na kujaa kwa maji. Hula mchana na hata usiku, mradi tope li wazi. Hutumbukiza mdomo topeni na kuvuta minyoo, kaa wadogo na konokono wa baharini, na mara nyingi huingia majini hadi tumboni.

Maji yakijaa, vitwitwi hukusanyika mahali palipoinuka na kupumzika, wakingoja yapwe tena.

Uzazi na safari

Mwezi wa Juni, theluji inapoyeyuka, jike hutaga kwa kawaida mayai manne ardhini, katika rasi ya Taimyr na nyika za jirani. Dume hashiriki kuatamia. Ifikapo Julai huwa ameshika njia ya kusini. Jike hufuata baadaye, na makinda huja mwisho, bila mzazi wa kuwaonyesha njia.

Wanaokuja kwetu hupitia pande za Bahari ya Kaspi na Mashariki ya Kati, na baadhi yao hutua katika maziwa ya Bonde la Ufa. Wakubwa huanza kuwasili Agosti. Wengine husonga mbele hadi Afrika Kusini, na wenzao wa mashariki ya Siberia huelekea Australia.

Kuanzia Aprili, pepo za kusi zinapoanza, hurejea kaskazini. Kabla ya kuondoka hula kwa wingi na kujaza mafuta mwilini, na mafuta hayo ndiyo masurufu ya safari. Wengi wa wale wa mwaka wa kwanza hawaendi; husalia pwani hadi msimu unaofuata.

Idadi ya wachanga wanaofika Kenya hutegemea panya wadogo wa nchi za baridi waitwao lemingi. Panya hao wakiwa tele, mbweha weupe wa Siberia hushiba na kuviacha viota. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda, na mwaka huo wachanga huwa haba katika fuo za Afrika.

Hatari inayowakabili

Mwaka 2015, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka kitwitwi huyu katika kundi la wanaokaribia kuhatarishwa. Mwaka 2024 akapandishwa na kuwekwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Wale waendao Australia wameathiriwa na kujazwa udongo kwa fuo za Bahari ya Njano, kati ya Uchina na Korea, walikokuwa wakitua kula. Kituo kimoja kikifungwa, ndege asiye na mafuta ya kutosha hafiki mwisho wa safari.

Funzo hilo linatuhusu. Hori la Mida limo katika eneo la hifadhi ya bahari, na Delta ya Tana ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Hata hivyo, ukataji wa mikoko, uchafu na ujenzi ufuoni vyaweza kuharibu malisho. Hata kuwafukuza ndege mara kwa mara wanapopumzika huwapotezea mafuta waliyoyatafuta kwa siku nyingi.

Anayepita Mida mwezi wa Machi au Aprili na kuona tope tupu, akumbuke kwamba hiyo ndiyo ghala ya safari ya kwenda Siberia.