Jani moja, orodha nyingi

Neno bangi lilitufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya pwani ya mashariki. Huko Kasai waliuita mmea huo diamba. Mwaka 1881, Wajerumani Paul Pogge na Hermann von Wissmann walipofika kwa chifu Kalamba Mukenge, waliwakuta watu waliojiita Bena Diamba, yaani watu wa bangi. Wissmann aliandika kwamba kuvuta pamoja kulikuwa kwao alama ya amani na urafiki, na kwamba mkosaji aliweza kuhukumiwa avute mpaka azimie. Tusiipambe mno habari hiyo, kwani watu hao hao walifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hata hivyo inaonyesha kwamba mmea huo ulikuwa na kanuni zake kabla ya sheria yoyote ya kuandikwa.

Sheria ya kuandikwa ilikuja mwaka 1903, pale Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilipoikataza bangi ya kuvuta. Wakati ule ule dola hilo lilikuwa likiwashurutisha wanakijiji kuvuna mpira kwa mtutu wa bunduki. Ni vigumu kuamini kwamba lilihangaikia afya yao.

Ulimwengu ulifuata baadaye. Mkataba wa La Haye wa mwaka 1912 ulihusu hasa afyuni, morfini na kokaini. Bangi iliingizwa Geneva mwaka 1925, baada ya mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, kuishambulia kwa maneno makali. Kisha ukaja Mkataba wa New York wa mwaka 1961, wenye orodha nne. Hapa ndipo wengi hukosea. Orodha ya kwanza ina morfini, dawa inayotuliza maumivu ya mgonjwa wa saratani. Kwa hiyo kuandikwa katika orodha si kulaaniwa. Mkataba unataka dawa imfikie mgonjwa na isimfikie mlevi. Orodha ya nne ndiyo ya vitu vilivyohesabiwa kuwa hatari mno na vyenye faida ndogo kwa tiba, heroini ikiwamo. Bangi iliwekwa katika orodha ya kwanza na ya nne pia. Tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliamua kwa kura 27 dhidi ya 25 kuitoa katika orodha ya nne. Imebaki katika ya kwanza, na kwetu Kongo bado ni marufuku. Pombe, iliyovunja nyumba nyingi kuliko bangi, haimo katika orodha yoyote ya mkataba huo.

Lakini vuka daraja la Ruzizi, nawe umeingia katika orodha nyingine kabisa. Sheria ya makosa ya jinai ya Rwanda ya mwaka 2018 iligawa dawa za kulevya katika madaraja matatu, na mwaka 2019 Waziri wa Afya akataja kila kitu na daraja lake. Bangi iko juu kabisa: anayeiuza aliwekewa kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi maisha. Katika daraja la chini imo kanyanga. Ndiyo, kanyanga ile ile inayonywewa katika mitaa yetu ya Bukavu. Kijana anayevuka na kidumu chake akidhani amebeba pombe kama kasiksi, ng'ambo anahesabiwa mfanyabiashara wa dawa za kulevya, na daraja hilo la chini lina kifungo cha miaka 3 hadi 5.

Mwaka 2021 Rwanda iliruhusu bangi ilimwe kwa ajili ya tiba na kuuzwa nje. Wengine huku wakaeneza habari kwamba imehalalishwa. Ruhusa ni ya wawekezaji wenye leseni, na mashamba yao sharti yalindwe. Mwenye msokoto mfukoni bado ni mkosaji.