Mufupa wa Ishango: ulitoka Kivu, unalindwa Bruxelles

Mufupa wa Ishango ni kati ya vitu vya zamani vinavyojulikana sana duniani juu ya mwanzo wa hesabu. Ulitoka hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, lakini mutoto wa shule wa Birere akitaka kuuona kwa macho yake anapashwa kusafiri mpaka Bruxelles, inchini Ubelgiji. Ndiko unalindwa, mu Makumbusho ya Sayansi ya Asili.

Ishango iko wapi?

Iko mu teritware ya Beni, ndani ya Parke ya Virunga, pale muto Semliki unapotoka mu ziwa Edouard. Mwaka 1950, wakati wa ukoloni, mujeolojia Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale. Alikuta mifupa ya watu, mifupa ya samaki, na vyusa vya kuvulia vyenye meno, vilivyochongwa kwa mufupa. Alikuta pia ule mufupa mudogo, urefu karibu sentimita 10, na kijiwe kikali cha kwarzi ku ncha yake. Leo wataalamu wanaukadiria miaka karibu 20 000.

Alama zake zinasema nini?

Mufupa una mikato 168, imepangwa mu mistari mitatu: 60, 60 na 48. Mu mustari moja, makundi ni 11, 13, 17 na 19. De Heinzelin alifikiri ni muchezo wa hesabu. Mumarekani Alexander Marshack yeye alisema watu walikuwa wanafuata siku za mwezi wa mbinguni. Wengine wanasema mikato ilisaidia tu mukono usiteleze. Mabishano hayajaisha.

Ku Katanda, karibu na Ishango, watafiti walikuta vyusa vingine vya mufupa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba vina miaka karibu 90 000. Ni kusema wavuvi wa Semliki walikuwa na ufundi huo tangu zamani sana.

Je, utarudi?

Jirani zetu wa Tanzania wana makumbusho palepale Olduvai, kwenye mabaki ya watu wa kale yalichimbwa. Michoro ya Kondoa nayo ingali ku miamba yake, na UNESCO inaitambua tangu 2006. Kwetu, Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa 2019, lakini ni Kinshasa.

Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inaomba mapatano kati ya inchi mbili, na haigusi mifupa ya watu. Hata mapatano yakipatikana, inabaki kupata nyumba salama ya kuvilinda, mu jimbo lenye vita miaka mingi.

Kwa sasa, mwalimu wa Birere hahitaji viza ili kuanza somo. Choki na ubao vinatosha: achore mistari mitatu, 60, 60 na 48, kisha aulize wanafunzi wao wenyewe wanaona nini.