Kutoka Mgeni hadi Hakimu: Asili ya Kuhukumu Chakula cha Mkahawani

Neno «mgeni» katika Kiswahili lina maana mbili zisizotengana: ni mtu asiyejulikana, tena ni mtu aliyekaribishwa nyumbani. Kifaransa nacho kina neno la namna hiyo, «hôte», ambalo humtaja mwenye nyumba na humtaja pia yule aliyepokewa. Lugha hizi mbili zimehifadhi kumbukumbu ya hali moja ya kale: aliye safarini alilishwa, na aliyelishwa hakuwa na haki ya kupima alichowekewa. Hata leo, mgeni anayeandaliwa bukari na sombe katika nyumba ya Lubumbashi hatamki kwamba sombe imekosa chumvi. Akitamka, amemwaibisha mama mwenye nyumba. Atakula, atashukuru, na kama ana neno, atalisema njiani wakati wa kurudi, tena kwa sauti ya chini.

Lakini mtu huyo huyo, kesho yake saa sita ya mchana, akiketi kwenye benchi la malewa karibu na soko na kutoa fedha zake, atasema waziwazi kwamba samaki amepoa, kwamba bukari ni kidogo, kwamba msichana anayegawa maji hana adabu. Walio jirani wataitikia, na mama wa malewa atajitetea au ataongeza mchuzi. Hakuna atakayeona kwamba heshima imevunjwa. Ulimi ni ule ule na chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni haki ya kusema. Haki hiyo haikuzaliwa pamoja na njaa. Ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka katika mji wa Paris kati ya miaka ya 1760 na mwaka 1812.

Ni haki kukumbusha kwamba Wachina walitangulia. Katika miji ya Kaifeng na Hangzhou, wakati wa utawala wa Song, kulikuwa na nyumba za chakula ambamo watumishi walipokea agizo la kila mlaji kwa upande wake, na Meng Yuanlao alizieleza zile za Kaifeng katika kumbukumbu zake zenye dibaji ya mwaka 1147. Hata hivyo, neno linalosemwa Kongo, «restora», halikutoka huko. Lilikuja kwa njia ya Ubelgiji kutoka Ufaransa, na ndilo linalofuatwa hapa.

Asili ya neno hilo inashangaza kidogo. «Restaurant» halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la chakula. Latokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kurudisha nguvu, na liliitwa hivyo supu ya nyama iliyochemshwa muda mrefu sana, ambayo walipewa watu wadhaifu. Mnamo mwaka 1766, Mathurin Roze de Chantoiseau alifungua katika Paris nyumba ya kuuza supu ya namna hiyo, na polepole jina la supu likawa jina la nyumba. Vitabu vingi husimulia kisa kingine: kwamba mwaka 1765 mtu aliyeitwa Boulanger aliuza miguu ya kondoo katika mchuzi mweupe, chama cha wapishi kikamshtaki, naye akashinda. Mwanahistoria Rebecca Spang, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba nyaraka za wakati ule hazina alama yoyote ya kesi hiyo. Kisa kilinakiliwa tu, kitabu baada ya kitabu. Ndivyo ilivyo pia kwa neno «bistrot», ambalo eti liliachwa na askari wa Urusi walioingia Paris mwaka 1814 wakidai kuhudumiwa haraka. Neno hilo halionekani katika maandishi ya Kifaransa kabla ya mwaka 1884. Askari hao walikuwa wamekwenda zao miaka 70 kabla yake. Mwanafunzi wa isimu na ajihadhari na asili za maneno zinazopendeza mno.

Je, nyumba za akina Roze zilileta nini ambacho hakikuwapo? Si chakula cha kuuza. Nyumba za wageni zilikuwapo tangu zamani, na wapishi wa vyama vya mafundi waliuza nyama iliyopikwa. Lakini katika nyumba ya wageni watu waliketi kwenye meza moja ndefu, saa iliyopangwa, wakala kile ambacho mpishi alipenda kukiweka. Wenyeji wa meza, waliokula hapo kila siku, walijua mahali pa kukaa. Mgeni aliyesukumwa mwishoni alifikiwa na sahani ikiwa imebaki mifupa. Angemlalamikia nani? Hakuchagua kitu, na bei yake ilikuwa sawa na ya wengine.

Mkahawa mpya ulileta mambo ambayo leo yanaonekana madogo: meza ndogo ya mtu au ya watu wachache, saa ya kuja ambayo mlaji huichagua mwenyewe, orodha ya vyakula yenye bei mbele ya kila jina, na hesabu mwishoni. Hapo ndipo mgeni alipogeuka kuwa mteja. Aliyechagua anaweza kujuta. Asiyechagua hana cha kujutia. Na aliyesoma bei anaweza kulinganisha: nyumba hii na ile, leo na juma lililopita. Ulinganisho ni mwanzo wa hukumu.

Utumishi nao ukaanza kuwa kitu cha kupimwa. Katika miaka ya 1780 Antoine Beauvilliers, aliyekuwa ametumika katika nyumba ya ndugu wa mfalme, alifungua mkahawa ambao sifa yake ilikuwa ukumbi mzuri, watumishi waliovaa kwa usafi na divai zilizotunzwa vema. Brillat-Savarin, ambaye kazi yake ilikuwa uhakimu wa mahakama kuu ya rufaa ya Ufaransa, alimkumbuka katika kitabu chake juu ya ladha kilichotolewa Desemba 1825. Anaeleza kwamba Beauvilliers aliwatambua wateja hata baada ya miaka mingi, akawaendea mezani, akawashauri wale hiki na waache kile. Anaongeza, kwa ucheshi wa hakimu mzee, kwamba sura hiyo ya mwenyeji mkarimu ilitoweka mara hesabu ilipoletwa. Mteja alitaka kupokewa kama mgeni, na bado alijua kwamba atalipa.

Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliongeza kasi ya jambo lililokuwa limekwisha kuanza. Vyama vya mafundi vilifutwa mwaka 1791, na wapishi wa makabaila waliokimbia nchi wakatafuta riziki. Paris ikajaa mikahawa, na ikajaa pia watu wenye fedha mpya ambao hawakulelewa katika nyumba za kula vizuri. Walikuwa na uwezo wa kulipa ila hawakuwa na kipimo. Mtu aliyewauzia kipimo hicho alikuwa Alexandre Balthazar Laurent Grimod de La Reynière.

Alizaliwa mwaka 1758 akiwa na mikono yenye kilema, mtoto wa familia tajiri ya wakusanyaji wa kodi za mfalme. Alisomea sheria. Mwaka 1783 alialika watu kwa karamu iliyopambwa kama mazishi, Paris nzima ikazungumza. Mwaka 1786 jamaa zake walichoka naye wakapata amri ya mfalme ya kumfungia katika monasteri karibu na Nancy. Inasemekana kwamba hapo, kwenye meza ya abate, ndipo alipojifunza kula. Baada ya Mapinduzi mali ya familia ilikuwa imepungua sana. Akaandika gazeti la kuhakiki michezo ya kuigiza, kuanzia mwaka 1797, lakini serikali ikalifunga mwaka uliofuata. Yafaa kuzingatia mfululizo huo. Mtu aliyezoea kuhukumu waigizaji, akiwa amenyimwa jukwaa, alihamishia hukumu yake jikoni, akakuta kwamba huko serikali ya Napoleon haikumsumbua. Uhakiki wa chakula ulizaliwa katika kivuli cha uhakiki mwingine uliokatazwa.

Kitabu chake, «Almanach des Gourmands», kilianza kutoka mwaka 1803 na kufikia juzuu 8 hadi mwaka 1812. Kilimchukua msomaji mtaa kwa mtaa, kikimwambia wapi pana maandazi mazuri, nani ana samaki wabichi, mkahawa gani umeanza kulala. Kiliuzwa kwa wingi. Grimod aliunda pia baraza la waonjaji lililokutana nyumbani kwake Jumanne. Wafanyabiashara walileta vyakula vyao, baraza lilikula kwa utaratibu wa mahakama, na hukumu ikachapishwa.

Hapo ndipo ila ilipojificha. Mahakimu walikula bure vitu vya washtakiwa. Mwenye duka aliyetaka kusifiwa alipeleka kapu. Aliyekataa kupeleka alibaki bila jina, na kutotajwa kulikuwa hukumu pia. Grimod alidai kwamba baraza lake halikununulika, na huenda aliamini hivyo, lakini tuhuma za upendeleo zilimwandama, na baada ya juzuu ya mwaka 1812 hakuendelea. Tatizo hilo, kwa kweli, ni la zamani kuliko yeye. Roze de Chantoiseau alikuwa ametoa mwaka 1769 kitabu cha anwani za wafanyabiashara wa Paris, na kati ya wenye mikahawa alijitaja mwenyewe kuwa wa kwanza. Hata hivyo Grimod ana jambo moja la kutetewa: alijulikana. Jina lake lilikuwa juu ya kitabu, nyumba yake ilijulikana, na aliyehukumiwa aliweza kumwendea na kumjibu.

Karne iliyofuata ilitafuta dawa ya ila hiyo, na ikaipata kwa mtengenezaji wa matairi. Kitabu cha mwongozo cha Michelin kilitolewa mwaka 1900, nakala karibu 35,000, wakati Ufaransa nzima haikuwa na magari 3,000. Kiligawiwa bure, na shabaha yake ilikuwa watu wasafiri, matairi yaishe. Kuanzia mwaka 1920 kikauzwa. Nyota ya chakula kizuri iliingia mwaka 1926; ngazi za nyota 2 na 3 zilifuata kuanzia mwaka 1931. Wakaguzi wake hula bila kujitambulisha na hulipa hesabu yao. Kapu la Grimod likaondolewa. Mwaka 1933 Eugénie Brazier, mwanamke aliyelelewa shambani, alipata nyota 3 kwa kila mmoja wa mikahawa yake miwili, nyota 6 kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mpishi aliyelifikia kabla yake. Hakuna kapu ambalo lingempa hizo.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mikahawa ya Wazungu ilipikiwa na kuhudumiwa na wanaume Wakongo ambao hawakuruhusiwa kuketi humo. Walijua mchuzi ulipoharibika kabla ya mlaji kujua. Waliisikia hukumu ya kila siku, mara nyingi ikiwa tusi, na hawakuwa na nafasi ya kutoa yao. Haki iliyozaliwa Paris ilisafiri hadi Katanga ikiwa nusu: hukumu ilifika, lakini kiti cha hakimu kiligawiwa kwa rangi ya ngozi. Kwa hiyo malewa, ambapo mchukuzi wa mizigo hukaa bega kwa bega na mwalimu na wote wawili hulalamikia samaki, si taasisi ndogo kama inavyodhaniwa. Watanzania wana neno linalofanana nalo, «mama ntilie», ambalo limetoka kinywani mwa mteja mwenyewe anayesema atiliwe chakula. Mlaji ndiye aliyempa mpishi jina.

Dawa ya Michelin nayo ilikuwa na uchungu wake. Hakimu asiyejulikana hahongwi, lakini pia hajibiwi. Bernard Loiseau wa Saulieu alipata nyota ya 3 mwaka 1991. Mwanzoni mwa mwaka 2003 kitabu kingine, Gault & Millau, kilimshusha kutoka alama 19 hadi 17 juu ya 20, na magazeti yakaandika kwamba hata nyota yake iko hatarini. Alijiua tarehe 24 Februari mwaka huo. Nyota zake 3 zilikuwa bado zipo katika toleo la Michelin la mwaka ule. Si sahihi kusema kwamba alama 2 zilimwua mtu. Mambo ya moyo hayana hesabu rahisi hivyo. Lakini wapishi wengi wa Ufaransa walilia siku hiyo kama watu waliojitambua ndani ya maiti.

Januari 2019 mpishi Marc Veyrat aliondolewa nyota yake ya 3. Alidai kwamba mkaguzi alidhani kuna jibini ya Kiingereza ndani ya chakula kilichotengenezwa kwa jibini za milima ya kwao. Akaomba mkahawa wake uondolewe kabisa katika kitabu, akakataliwa. Akaenda mahakamani kudai afunguliwe ripoti za wakaguzi, pamoja na fidia ya euro 1. Tarehe 31 Desemba 2019 mahakama ya Nanterre ilikataa madai yake, ikieleza kwamba hakuonyesha hasara yoyote aliyoipata, na ripoti zikabaki zimefungwa.