Adabu ya Kutomwaga Mtama

Fikiri, msomaji mpendwa, kwamba umeazima kitabu cha upelelezi katika maktaba ya shule. Umekingoja majuma matatu, kwa maana nakala ni moja na wasomaji ni wengi. Jioni wafungua ukurasa wa kwanza, na pembeni yake waona maneno mawili yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: ni jina la muuaji. Kitabu hakikupungua hata ukurasa mmoja, lakini kuna kitu umenyang'anywa. Ni kitu gani hicho, na watu walianza lini kukilinda? Tutazame historia itujibu.

Hapo kale adabu ya kuficha mwisho wa hadithi haikuhitajika sana. Bibi aliposema "Paukwa" na wajukuu wakaitika "Pakawa", wengi wao walikwisha kuzijua hila za Sungura tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Athens ya kale mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka wa 428 kabla ya Kristo, Euripides alipoonyesha mchezo wake wa Hippolytus, alimtanguliza mungu wa kike Aphrodite aeleze maafa yatakayotokea. Watazamaji hawakulalamika, kwani utamu ulikuwa katika namna ya kusimulia. Tena wote walisikia pamoja. Hapakuwa na aliyetangulia wala aliyechelewa.

Mitambo ya kupiga chapa ndiyo iliyowatenga wasikilizaji. Mwingereza Wilkie Collins alitoa hadithi yake, The Woman in White, kidogo kidogo katika gazeti la kila juma la Charles Dickens, kuanzia Novemba 1859 hadi Agosti 1860. Wasomaji wa gazeti walingoja pamoja juma kwa juma. Lakini hadithi ilipotolewa kuwa kitabu mwaka huo wa 1860, wengine walikuwa wamekwisha kuijua, na wengine ndio kwanza wanaanza. Kwa hiyo Collins aliandika katika dibaji yake akiwasihi wahakiki wasieleze kisa chenyewe, kwa sababu wangeua hamu ya kutaka kujua na furaha ya kushtukizwa. Hapo twaiona adabu hii ikizaliwa: ni mapatano baina ya aliyetangulia na anayefuata nyuma.

Karne iliyofuata, wenye michezo ya jukwaani na sinema walilichukua ombi hilo. Tarehe 25 Novemba 1952, mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza kuonyeshwa katika mtaa wa michezo wa London. Kila unapokwisha, mchezaji mmoja huwaomba watazamaji waifiche siri mioyoni mwao. Mchezo huo uliendelea mfululizo mpaka Machi 1970 na zaidi ya hapo, hata uliposimamishwa na ugonjwa wa korona mwezi wa Machi 2020, nao ukarudi jukwaani mwaka wa 2021. Siri ya namna hiyo hailindwi na askari, bali na hiari ya watu wasiojuana. Mfaransa Henri-Georges Clouzot naye alimalizia sinema yake Les Diaboliques, ya mwaka wa 1955, kwa maandishi yenye kuwaomba watazamaji wasiwasimulie rafiki zao. Mwaka wa 1960 Alfred Hitchcock aliagiza kwamba mtu asiingizwe ukumbini baada ya sinema yake Psycho kuanza.

Watu wengine waliifanyia adabu hiyo mzaha. Mwezi wa Aprili 1971, Doug Kenney aliandika katika gazeti la Marekani, National Lampoon, miisho ya sinema na vitabu vingi mashuhuri, akidai kwamba anawaokolea wasomaji muda na fedha. Makala yake yaliitwa Spoilers, yaani viharibifu, na jina hilo limebaki mpaka leo. Sisi Waswahili tulikwisha kuwa na msemo unaofaa: kumwaga mtama penye kuku wengi.

Kisha ikaja kompyuta. Mtandao wa Usenet, uliobuniwa na wanafunzi wa Marekani mwaka wa 1979, uliwawezesha watu wa miji ya mbali kuzungumza kwa maandishi. Mwaka wa 1982, sinema ya Star Trek II ilipotoka, wapenzi wake walitaka kuijadili bila kuwaudhi wenzao ambao hawajaiona. Basi waliweka onyo mwanzoni mwa barua zao. Wengine waliacha mistari mitupu ya kutosha kujaza kioo cha kompyuta, ili jicho lisifikie siri kwa bahati mbaya. Wengine tena waliandika kwa fumbo: kila herufi ilisogezwa nafasi 13, hata A ikawa N. Hakuna serikali iliyowaamuru. Walijitungia sheria wenyewe, na hawakumzuia mtu kusema; walimpa msomaji nafasi ya kuchagua.

Leo nafasi hiyo yahitajika zaidi. Hadithi ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa na televisheni ya Marekani kati ya 2011 na 2019, ilipoanza New York saa 3 usiku wa Jumapili, Nairobi ilikuwa saa 10 alfajiri ya Jumatatu. Mkenya aliyelala aliamka akakuta siri imekwisha kumwagwa. Tangu Februari 2013, kampuni ya Netflix ilipotoa sehemu zote 13 za House of Cards kwa siku moja, hata watu wa nyumba moja waweza kuachana njiani, kila mmoja na mwendo wake.

Labda utasema kwamba jambo hili ni dogo. Naam, mwaka wa 2011 wataalamu Leavitt na Christenfeld wa San Diego walitangaza kwamba wasomaji waliojulishwa mwisho wa hadithi fupi walizifurahia zaidi. Lakini mwaka wa 2015 Johnson na Rosenbaum walipata matokeo yaliyo kinyume. Hata hivyo, tusiwangoje wataalamu wamalize hoja yao. Wajukuu wa bibi waliujua mwisho, nao hawakuibiwa kitu, kwa sababu waliupata kutoka kwa msimulizi wao, kwa zamu yao. Kitu anachonyang'anywa msomaji wa maktaba ni zamu yake ya kuijia hadithi kwa mwendo wake mwenyewe.

Wala haki si ya upande mmoja. Aliyekwisha kusoma ana haki ya kuzungumza na wenzake, na anayechelewa hawezi kuwafunga watu wote vinywa milele. Ndiyo sababu watu wa Usenet hawakunyamaza; walitanguliza onyo, kisha wakasema waliyotaka.

Basi, kijana, siku utakapomaliza kitabu hicho ukawa wa kwanza darasani kuijua siri, kumbuka kwamba kujua kabla ya wenzako ni uwezo, na uwezo wowote waonyesha tabia ya aliye nao. Kabla ya kusema, uliza: "Umefika wapi?" Kisha kirudishe kitabu maktabani, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza uache pakiwa peupe.